Nilivyoshika kipindi changu cha redio kwa kuhesabu mizani

Watu wananiuliza sana, dada unawezaje kutangaza, kuandika nyimbo na bado unatunga mashairi wakati hauna ajira redio yoyote, basi leo nieleze. Mimi ni mtangazaji wa kujitegemea, yani nanunua muda wa hewani kwenye redio moja ya hapa mjini, lisaa limoja kila Jumapili usiku, wadhamini natafuta mwenyewe, kipindi narekodi mwenyewe chumbani kwangu Mbagala af napeleka kwenye flashi.

Chumba chenyewe ni cha kupanga, kipo karibu na barabara, mchana huwezi kurekodi kitu, honi za daladala, singeli za jirani, watoto. Kwahiyo narekodi kuanzia saa nane usiku mpaka kabla ya adhana ya alfajiri, godoro nalisimamisha dirishani, blanketi natundika nyuma ya maiki niliyonunua Kariakoo, feni nazima hata kama ni Februari na jasho linatiririka, maana feni ikiingia kwenye sauti haitoki.

Lakini kilichonibeba hasa ni ushairi. Babu yangu alinifundisha tarbia nikiwa darasa la tano, mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yani silabi 16, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 za utao (nusu ya pili), vina vya kati na vya mwisho. Alikuwa ananigongea meza kwa kila mizani. Sasa nilipokosa wadhamini miezi mitatu mfululizo nikakaa nikawaza, mbona matangazo yote yanafanana? Nikamwandikia mama mmoja anayeuza vitenge tangazo la ubeti mmoja, mizani 64, ukiisoma bila kukimbia inakaa kama sekunde 20 hivi. Wiki ya pili akanipigia, mwanangu kuna wateja wamekuja wanaimba lile shairi lako! Akalipia miezi miwili palepale, na yeye ndo akanipeleka kwa fundi cherehani jirani yake, na fundi akanipeleka kwa mwenye duka la rangi. Mpaka leo kila mdhamini wangu ana ubeti wake.

Nyimbo ndo ziliniumiza. Wimbo wangu wa kwanza nilimwandikia msanii mmoja kwa laki na nusu, maneno ya mdomo tu, hakuna karatasi, ukapigwa kila kona na jina langu halikutajwa popote, nililia kwakweli, sio kwa ajili ya hela, ni yale maneno niliyatoa kwenye msiba wa mama yangu. Baadae ndo nikaelewa kwamba kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 kazi inakuwa yako tangu unapoitunga, na inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, ila siku ya ugomvi lazima uwe na ushahidi. Sikuwa nao. Tangu hapo nasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla sijamuonesha mtu hata mstari mmoja, na mkataba tunaandikishana kwanza, unasema nani mtunzi na nani anapata nini wimbo ukiingiza, ndo tunaenda studio. Wapo waliosusa. Waliobaki ndo nafanya nao kazi.

Wimbo wa pili nikaanza na beti nililotunga kwenye foleni ya Jangwani mvua za masika:

Maji yajaa njiani, daladala zimekwama
Tunashuka kituoni, kwenye tope tunazama

Msanii aliogopa, akasema dada hii ni shairi la shule, nikamwambia gonga meza kama babu, akagonga, mdundo ukakaa wenyewe. Huu una jina langu kwenye karatasi. Juzi natoka Kariakoo dereva akauweka, konda anaimba ukwapi, abiria wa nyuma wanamalizia utao, nikashuka Rangi Tatu bado wanaimba.