Miaka kumi ya Van Gogh kwa mchana mmoja

Nilipoingia katika Makumbusho ya Van Gogh jijini Amsterdam nilifanya kosa ambalo nadhani wageni wengi hulifanya: nilikwenda moja kwa moja kuitafuta picha ya alizeti. Niliikuta imezingirwa na watu, nikaichungulia juu ya mabega yao, nikaridhika kwamba ni ya manjano kweli kama nilivyozoea kuiona kwenye kalenda, kisha nikabaki nimesimama nisijue nifanye nini na muda wote uliosalia. Ndipo nikarudi mwanzo na kuanza upya kwa kufuata miaka.

Vincent van Gogh alizaliwa mwaka 1853 na hakuamua kuwa mchoraji mpaka alipofikia umri wa miaka 27. Alifariki mwaka 1890, akiwa na miaka 37, kwa hiyo kazi yake yote ni ya muongo mmoja tu. Makumbusho haya yana picha zake za rangi zipatazo 200 na michoro karibu 500, mbali na barua nyingi, na wingi huo ndio unaomwezesha mtu kumwona akijifunza. Mikono aliyoichora mwanzoni ni mizito na viungo vyake haviafikiani, na uchoraji wake wote wa miaka ile una ugumu wa mtu anayeng'ang'ania jambo ambalo halijamkubali.

Nilikaa muda mrefu mbele ya "Wala Viazi" ya mwaka 1885, picha ya familia ya wakulima wa Nuenen, kijiji cha Uholanzi, wakila chakula cha jioni chini ya taa. Alijiandaa kwa kuchora nyuso za wakulima, moja baada ya nyingine, kwa miezi kadhaa. Ukiitazama kwa mbali ni giza tupu; ukisogea unaanza kuona mvuke, kingo za vikombe, na vidole vyenye mafundo vikinyooshwa kuelekea sahani. Katika barua aliieleza rangi aliyoitumia kuwa ni ya kiazi chenye vumbi, kisichomenywa bado, na nilipoisoma barua hiyo niliacha kabisa kuilalamikia picha kwa giza lake.

Kisha anahamia Paris mwaka 1886, na rangi zinafunguka kama dirisha. Hapo ndipo alipojichora mwenyewe mara nyingi, si kwa majivuno, bali kwa sababu hakuwa na fedha za kumlipa mtu akae achorwe. Hata turubai zilimpa shida. Baadhi ya picha hizo zimechorwa nyuma ya kazi zake za Nuenen, hivi kwamba upande mmoja yupo yeye na upande wa pili yupo mkulima.

"Chumba cha Kulala" cha mwaka 1888 kilinishangaza kwa jambo ambalo kalenda haiwezi kulisema. Kuta tunazoziona kuwa za buluu alizipaka zambarau, lakini wekundu uliokuwa ndani ya rangi hiyo umefifia kwa mwanga wa miaka mingi. Kwa maneno mengine, picha tunayoisifu kwa utulivu wake wa kibuluu si ile aliyoimaliza.

Ninavyoona mimi, mtu anayestahili kukumbukwa zaidi ndani ya jengo lile si mchoraji peke yake. Mdogo wake Theo, aliyekuwa akimtunza, alifariki Januari 1891, miezi sita tu baada ya kaka yake, akamwacha mkewe Johanna, mwenye umri wa miaka 28, na mtoto ambaye hakuwa ametimiza mwaka, pamoja na shehena ya picha ambazo soko halikuzitaka. Johanna hakuzitupa. Aliziazimisha kwa maonyesho, akauza chache kwa uangalifu, na mwaka 1914 akazichapisha barua za shemeji yake kwa Theo. Mtoto yule, aliyepewa jina la Vincent, ndiye aliyechorewa matawi ya mlozi yenye maua meupe alipozaliwa, na ndiye ambaye baadaye alihakikisha mkusanyiko haukutawanyika, mpaka makumbusho yakafunguliwa mwaka 1973.

Nilipita pia kwenye picha ndogo ya bahari huko Scheveningen, pwani ya Uholanzi, ya mwaka 1882. Iliibwa mwaka 2002 na wezi walioingia kwa kupitia paa, ikapatikana Italia mwaka 2016. Vincent aliichora ufukweni upepo ukivuma kwa nguvu, na chembe za mchanga zilizorushwa juu ya rangi mbichi zimo ndani yake hadi leo.

Mwisho ni "Mizizi ya Miti", inayoaminika kuwa picha yake ya mwisho. Ni mashina na mizizi iliyopindana, ya buluu na kijani, iliyosogezwa karibu mno hata mtu haoni upesi ni nini. Baadhi ya sehemu zake hakuzimaliza.