Gitaa la Kulaza Lililonipeleka Mkomani

Picha ilikuwa na giza. Meza, leso iliyofunika kitu kirefu, na upande mmoja tu ulioachwa wazi: nyuzi, na juu ya nyuzi chuma kilichopinda kama kwato ya punda. Dalali ameandika chini yake: "Gitaa la umeme la kulaza, la zamani sana. Mwenyewe mjane, Lamu. Wahi kabla Wazungu hawajaliona." Usiku uleule nikamtumia elfu tatu aliyoiita ya usumbufu.

Magitaa haya nayatafuta mwaka wa tisa sasa. Hayapakatwi kama gitaa la kawaida. Hulazwa mapajani nyuzi zikitazama juu, na mkono wa kushoto hautumii vidole kubonyeza bali hutelezesha kipande cha chuma, ndipo sauti inapolia kama mtu. Mtindo ulitoka Hawaii, kwa kijana Joseph Kekuku, mwishoni mwa karne ya 19. Na gitaa la umeme la kwanza kupata soko duniani lilikuwa la aina hii ya mapajani. George Beauchamp alilibuni Los Angeles mwaka 1931, na mwaka 1932 likaanza kuuzwa, la alumini tupu, duara dogo lenye shingo ndefu, watu wakalibandika jina la Kikaango. Wenye kulijua huliita A-22. Alama yake ni sumaku mbili kubwa zilizopinda na kuzikumbatia nyuzi kwa juu. Ninayo mawili ya kulaza nyumbani Mombasa, Supro na Fender Champion, lakini Kikaango sijapata kukigusa kwa mkono wangu. Kwa hiyo nilipoona chuma kilichopinda juu ya nyuzi, usingizi ulikwisha.

Niliondoka na testa, chuma cha kulehemu, seti mpya ya nyuzi sita niliyoiandika A-22 kwa kalamu ya wino, na shilingi elfu sitini ndani ya soksi. Ya njiani hayana maana, ila nauli ilikuwa imepanda tangu nilipoulizia kwa simu, na kiti changu kilikuwa juu ya tairi, magoti kifuani mpaka Mokowe, unakopandia boti ya Lamu. Pale gatini mwenye boti alinitoza mia tatu na hamsini kwa sababu ya begi. Mwenzangu mwenye magunia mawili ya vitunguu alilipa mia na hamsini. Niliuliza kwa nini, sikujibiwa. Chumba nilichopata mtaa wa Langoni, Lamu, kilikuwa elfu mbili na mia tano, na umeme ulipokatika saa nne usiku feni ikasimama nayo.

Asubuhi dalali hakupokea simu. Nikauliza njia mwenyewe, nikaelekezwa mtaa wa Mkomani, mlango wa tatu baada ya msikiti mdogo. Nikabisha hodi. Aliyefungua alikuwa bibi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikampa salamu, nikaubusu mkono wake.

"Ni wewe fundi? Ndoo, mwanangu, ndoo ukae kwenye upepo."

Neno fundi nililisikia, nikalipuuza. Macho yalikuwa yameshafika mezani, kwenye leso ileile ya picha. Bibi akaivuta.

Haikuwa Kikaango. Ilikuwa tashkota, kinanda cha taarabu cha nyuzi na vibonye.

Moyo ulianguka. Safu mbili za vibonye vya duara kama vya taipureta, ubao mrefu wenye rangi iliyobanduka, nyuzi mbili zimekatika na zilizobaki zimekula kutu. Kile chuma kilichopinda kilikuwa kipande cha bati kilichoshika kidude cheusi juu ya nyuzi. Nilisimama pale nikihesabu nauli, boti, chumba, elfu tatu za dalali, na siku mbili za kazi.

"Yule kijana alisema kwenu Mombasa kuna fundi wa vinanda," bibi akasema. "Akatwaa elfu mbili zangu za kukuita. Nami nimengoja wiki nzima."

Dalali alikuwa ametuuza sote wawili, mimi kwake na yeye kwangu. Bibi wa watu, elfu mbili! Nilikasirika kwa ajili yake kuliko nilivyokasirika kwa ajili yangu. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuja kununua. Nikauliza tu kama anakiuza.

"Hiki hakiuzwi."

Basi nikafungua begi.

Kidude kile cheusi kilinishika nilipokigeuza. Kilikuwa kisikilizio cha simu ya zamani ya mezani, kimeondolewa kile kibati chake cha mbele, kimebaki sumaku na koili, kikafungwa juu ya nyuzi kwa bati na misumari midogo. Marehemu mumewe, aliyekuwa akipiga harusini, alikifunga kwa mkono wake. Wala hakuwa fundi wa umeme, alikuwa mshonaji. Nilikaa nikikitazama. Uzi wa chuma ukitikisika mbele ya sumaku yenye koili, umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili. Siri ya Kikaango ni hiyohiyo, haina nyingine. Beauchamp naye alianza kwa kuchokonoa vitu vya nyumbani: husimuliwa kwamba koili zake za mwanzo zilisukwa kwa mota ya mashine ya kufulia, na gitaa la majaribio lilichongwa kwa mti. Yeye alipewa hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1937. Mshonaji wa Mkomani alipewa harusi za Ijumaa.

Testa ilionyesha koili nzima. Waya wake ndio uliooza kwa chumvi, mahali pawili. Nilikata, nikakwangua, nikalehemu, kazi ya dakika kumi iliyochukua saa mbili kwa sababu umeme ulikuja na kwenda. Nyuzi sikuwa nazo ila zile za A-22. Nilizitoa kwenye pakiti, nikachagua tatu nyembamba, nikazikaza. Bibi alileta wali, samaki wa kupaka na maji ya ukwaju, akakataa nile baadaye. "Fundi mwenye njaa hukaza uzi ukakatika." Niliila yote.

Amplifaya haikuwapo. Kulikuwa na redio kubwa ya mbao yenye tundu la santuri nyuma, tukaunga waya humo. Nikamwachia yeye apige. Alichukua kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye chupa, kidole cha kushoto kikatafuta kibonye, kikakosea, kikarudi. Halafu redio ikatoa ile sauti nyembamba, kali, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, ambayo yeyote aliyesikiliza taarabu ya Zuhura Swaleh anaijua.

Bibi akainua mkono. Akautazama ubao, si mimi.

"Yeo kimenena," akasema.

Mimi kwa mawazo nilikuwa nimerudi Majengo, kwa ami. Sebule ya ami, mikeka, wanawake wameketi mpaka barazani, na ami kando ya dirisha na tashkota yake ya buluu. Tashkota ilibuniwa Japani, Nagoya, na Goro Morita mwaka 1912, ikapita Bara Hindi, ikafika kwetu tukaivika jina na mapigo yetu mpaka tukasahau kwamba iliwahi kuwa mgeni. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa spika ami akipiga. Alipofariki na nyumba ikagawanywa, niliyeachiwa kuondoa vitu ni mimi. Tashkota ile ilikuwa imepasuka. Nilimpa mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu pamoja na sufuria mbili, akanipa shilingi themanini. Mwaka huohuo nilianza kutafuta gitaa langu la kwanza la Marekani, na nikalipa elfu thelathini na tano bila kupumua.

Sikumweleza bibi haya. Nilimwonyesha jinsi ya kufuta nyuzi kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kila akimaliza kupiga, kwa sababu upepo wa kaskazi una chumvi. Nikataka kumrudishia elfu mbili zake, akanikunjia vidole nikabaki nazo mkononi. Nikaziacha chini ya redio.

Kutoka Lamu boti ilikuwa mia mbili. Begi lilelile. Siku iliyobaki njiani niliimaliza nikijaribu kukumbuka kama tashkota ya ami ilikuwa na kisikilizio cha simu au pikapu ya dukani, kile kidude cha kunasa sauti ya nyuzi. Siwezi kukumbuka, na mama naye hakumbuki.

Jana nilifungua kasha la nyuzi. Kwenye pakiti iliyoandikwa A-22 zimebaki tatu, zile nene. Nimenunua seti mbili za nyembamba, nimeziweka kwenye bahasha pamoja na koili ya akiba niliyoisuka mwenyewe. Kondakta wa basi la Ijumaa anasema bahasha kama ile ni mia tatu mpaka Mokowe, na boti wataitoza tena. Nimelipa yote mawili.