Trauti wa Mto Gura

Watalii walikuwa wakija Gura kumvua trauti, samaki wa maji baridi, na fimbo za kuunganishwa na vijisanduku vilivyojaa nzi bandia wa chambo. Mjomba alikuwa na mwanzi, mshipi wa nailoni, ndoana, na nyungunyungu tuliowachimbua pembeni mwa rundo la samadi. Aliwataka wale wembamba wekundu. Wanene alinirudishia niwatupe. Eti wanalegea upesi ndoanani.

Ilikuwa likizo ya Aprili, upande wa Othaya, Nyeri, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipoona mto umekuwa mwekundu kiasi nikajua safari imeharibika. Kumbe ndiyo siku aliyokuwa akiingojea. Maji yakichafuka kidogo trauti hakuoni vizuri, na mvua husomba minyoo na wadudu kutoka mashambani, kwa hiyo anakula bila kushuku. Yakiwa tope tupu, rudi nyumbani ukakamue ng'ombe.

Sehemu pana za mto tulizipita bila hata kusimama. Mjomba alitafuta mawe. Nyuma ya jiwe kubwa mkondo hupungua nguvu, na trauti hujibanza hapo, kichwa kikielekea mto unakotoka, akingoja chakula kimpitie mdomoni bila yeye kuhangaika. Ndiyo maana tulipanda na mto, tukimwendea kutoka nyuma.

"Chuchumaa!" alininong'oneza. "Na hizo gumboti usizikokote. Huyu ana macho kuliko askari wa trafiki."

Hakufunga kizito chochote kwenye mshipi. Alimdondosha mnyoo mbele ya jiwe, akauachia mkondo umbebe. Mshipi ukateleza, ukazunguka jiwe, ukasimama. Mimi nilikuwa nimeshapiga kelele. Yeye alitulia kidogo, kisha akakaza kifundo cha mkono, basi. Mwanzi ukapinda.

Alikuwa na urefu wa shibiri na nusu, mgongo wa hudhurungi, ubavuni madoa meusi na mekundu, kila doa jekundu limezungukwa na duara jeupe. Anateleza ajabu, ilibidi nimshike kwa majani. Mjomba alimpasua palepale kando ya maji, si kwa haraka ya kupika bali aone amekula nini. Tumboni mlikuwa na mbawakawa, vibuu ndani ya vijumba vyao vya changarawe, na mguu wa kaa.

"Kesho tukikosa minyoo," akasema, "tutatafuta mbawakawa."

Kazi ilikuwa nyumbani. Nyanya, kama Wakikuyu wengi wa rika lake, hakula samaki wala hakutaka agusishwe sufuria zake.

"Huyo ni nyoka wa majini," akasema.

"Mama, huyu si wa huku hata," mjomba akamtetea samaki wake. "Mbegu yake ililetwa na mlowezi Grogan mwaka 1905, kutoka Uskoti."

"Basi mpeleke akapikiwe huko."

Tulimchoma kwa chumvi nyuma ya zizi, juu ya kipande cha bati.