Siku moja maishani mwangu: kupanga orodha ya vyuo vya Marekani

Saa mbili asubuhi. Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi kuchagua vyuo vya kuomba. Nasoma karatasi ya alama kabla kijana hajaingia. Siishii kwenye wastani: 3.6 kati ya 4.0 yenye fizikia na hesabu ngumu si sawa na 3.6 ya masomo mepesi, na maofisa wa udahili huliona hilo upesi. Huyu ana 1280 kati ya 1600 kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo, anataka uuguzi, na majina mengi aliyoleta ni ya vyuo vinavyokataa karibu kila mtu.

Saa tatu. Tunaanzia chini. Chuo cha uhakika kina masharti matatu: alama zake ziwe juu ya wengi wanaopokewa, fani yake aipate, na familia iweze kulipa. La pili ndilo linaloangusha wengi. Chuo kinaweza kupokea waombaji saba kati ya kumi, huku uuguzi ukichukua wachache tu kwa sababu nafasi za mafunzo hospitalini zina kikomo. Kuingia kwa fani nyingine ukitumaini kuhamia baadaye ni kujitafutia balaa. Kwa hiyo natafuta kiwango cha idara. Kisipochapishwa, napiga simu udahili.

Saa nne na nusu. Nafungua Common Data Set, takwimu ambazo vyuo vingi huchapisha kila mwaka. Sehemu ya C7 inaonyesha wanachokipa uzito, mpaka kama wanajali mwombaji amewahi kuhudhuria ziara. C9 ina alama za SAT za nusu ya katikati ya walioingia, robo ya juu na ya chini zikiachwa, na hapo pana mtego. Chuo kisicholazimisha mtihani huonyesha alama za walioingia na kuzituma tu, na wanaotuma ni wale waliofanya vizuri. Kikiandika 1250 hadi 1430, 1280 inaonekana imo, kumbe iko ukingoni. Huko pengine asiitume. Kampasi za University of California hazitazami SAT kabisa katika kuchagua, basi kwenye jedwali langu safu yake ya SAT inabaki tupu.

Saa saba mchana mama yake anapiga simu akiwa kwenye mapumziko ya kazi. "Mwalimu, hiki cha dola elfu themanini si tukitoe tu?"

Bado, mama. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za misaada za serikali kuu viweke kwenye tovuti kikokotoo cha gharama halisi. Tunakijaza pamoja, fomu ya kodi mkononi. Chuo ghali chenye mfuko mnono kinaweza kushuka bei kuliko chuo cha umma cha jimbo jingine, ambacho humtoza mtu wa nje ada kubwa na kumpa msaada kiduchu. Hesabu huharibika wazazi wakiwa wametengana au wakiwa na biashara yao, maana vikokotoo vingi havijui kuyashughulikia hayo. Na mkopo ukiandikwa kama "msaada", naurudisha upande wa deni.

Saa tisa tunapunguza. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, inaruhusu vyuo 20, lakini kila kimoja kinaweza kudai insha mbili tatu za ziada, na zile za mwisho huandikwa usiku wa manane mwezi Desemba, nazo husomeka hivyo hivyo. Tunabaki na tisa: viwili vya uhakika, vinne vya saizi yake, vitatu vya kubahatisha. Kinachopokea chini ya mmoja kati ya watano ni cha kubahatisha hata kwa anayeongoza darasa. Swali la kuchuja ni hili: ukikubaliwa hiki peke yake, utakwenda? Akinyamaza, jina linatoka.

Kimoja alikiwekea Early Decision, ombi la mapema linalomfunga mwombaji. Akikubaliwa huko analazimika kufuta maombi mengine, na mama hatakuwa na ofa za kulinganisha. Tunahamia Early Action, ombi la mapema lisilofunga, ambayo chuo hicho nacho kinayo. Mwisho wake 1 Novemba.

Saa kumi na moja. Naongeza safu ya tarehe za msaada wa fedha, maana mara nyingi si zile za ombi. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, ni kwa vyote tisa; CSS Profile, fomu nyingine ya msaada inayodaiwa na baadhi ya vyuo, ni kwa vyuo binafsi viwili. Kijana na mzazi kila mmoja anahitaji akaunti yake ya FAFSA. Yake anaifungua hapa hapa, ya mama kesho akiwa na namba zake.