Zulia Kavu Chini ya Mifuko ya Balasti

Ukiinua mfuko wa balasti (mfuko wa maji wa kuiongezea boti uzito) uliokaa siku tatu juu ya zulia la boti, harufu ndiyo inayotangulia kukupokea. Kisha vidole vinagusa nyuzi zilizolala, za baridi, zenye utelezi kidogo, na ukibonyeza kwa kidole gumba maji yanachomoza kuzunguka ukucha. Wengi hapo hapo huanza kutafuta tundu kwenye mfuko. Mara nyingi tundu halipo: mfuko ni mzima, valvu ni nzima, na zulia limelowa chepechepe.

Maji hayo ni jasho la mfuko. Boti za kuvuta watu wanaoteleza juu ya mawimbi hubeba mifuko ya vinili inayojazwa maji ya ziwa, mto au bahari, ili boti izame zaidi na wimbi la nyuma liwe kubwa. Maji yanayoingia mara nyingi huwa ya baridi kuliko hewa. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 70 huacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 kushuka chini. Ukijaza maji ya nyuzi 20, ngozi ya mfuko inapoa pamoja nayo, na matone yanaota ubavuni kama kwenye glasi ya maji ya barafu. Siku ambayo joto ni lilelile lakini unyevu ni asilimia 50, umande hauanzi mpaka nyuzi 18 hivi, kwa hiyo mfuko uleule unabaki mkavu. Ndiyo maana mtu huapa kwamba tatizo limekwisha, na wiki inayofuata linarudi bila yeye kugusa chochote.

Jasho lenyewe si jingi. Shida ni mahali linapokwenda. Matone yanateremka ubavuni, yanafika ukingo wa chini, zulia linayafyonza na kuyavuta ndani chini ya mfuko, na huko hakuna hewa ya kuyakausha. Mfuko wa lita 300 ni kilo 300 za maji baridi (maji ya bahari huzidi kidogo, karibu 307). Ukikalia eneo la meta 1.2 kwa sentimeta 50, kila meta ya mraba inabeba kilo 500, na boti ikidunda juu ya wimbi mzigo huo unapiga kwa nguvu zaidi. Nyuzi zinalala bapa. Tena sakafu yenyewe iko chini ya usawa wa maji, ni ya baridi, kwa hiyo hata tumbo la zulia, yaani upande wake wa chini, linaweza kupata umande bila mfuko kuhusika.

Mazulia mengi ya boti yametengenezwa kwa polipropilini, aina ya plastiki, na nyuzi hizo hazinywi maji wala haziozi. Wauzaji husema hivyo, na ni kweli. Kinachooza ni vyote vilivyoshikana nazo: vumbi, nywele, mafuta ya kujikinga na jua, mabaki ya gundi, na plaiwudi iliyo chini ikiwa boti ni ya zamani. Kuvu hula vitu hivyo. Kama boti inatumika baharini, ongeza chumvi: chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo zulia lililolowa maji ya bahari halikauki kabisa mpaka lisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi.

Kabla ya kununua chochote, jua maji yanatoka wapi. Kausha kila kitu kwanza. Tandika karatasi za jikoni, nyeupe, chini ya mfuko na kuuzunguka, na nyingine chini ya kila kiungo cha mpira wa maji. Tia rangi ya chakula ndani ya mfuko, ya kutosha kuyapa maji yote rangi inayoonekana wazi, ujaze, uache boti itulie saa moja. Karatasi zikilowa maji yenye rangi, kuna uvujaji, na doa lenye rangi kali zaidi ndilo liko karibu na chanzo. Zikilowa maji yasiyo na rangi na ubavu wa mfuko umejaa matone, ni jasho. Zikibaki kavu siku nzima lakini asubuhi ya pili zimelowa ilhali mfuko ni mtupu, angalia ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Mabaharia walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya boti, omo ni mbele), na maji ndani ya boti hufuata njia hiyohiyo: yanazunguka kote, yanakusanyika ngamani, na kiwango kikipanda yanagusa ukingo wa zulia na kupandishwa juu. Hapo dawa ni pampu ya ngama na swichi yake, si mfuko.

Sasa msimamo wangu: zulia halina kazi yoyote chini ya mfuko wa balasti. Liliwekwa ili kabati la boti linamokaa mfuko lionekane nadhifu na vitu visigongane, na mfuko hauhitaji lolote kati ya hayo. Kama unaweza kulitoa sehemu hiyo tu, litoe. Anzia kona, vuta taratibu kwa pembe kali huku ukikata gundi kwa kikwangulio cha plastiki. Cha chuma hukwaruza faiba. Watu hupenda kutumia bunduki ya hewa ya moto kulainisha gundi. Kwenye makabati ya nyuma, yaliyo jirani na injini ya petroli na mipira ya mafuta, sishauri kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, palepale unapofanyia kazi. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na subira vitafanya kazi hiyo. Gundi iliyobaki itoe kwa kiyeyusho cha maganda ya machungwa, osha kwa sabuni, kausha, kisha paka rangi ya epoksi ya ngama mikono miwili. Ukikuta plaiwudi tupu, usiipake ikiwa na unyevu; iache ikauke kwanza, siku kadhaa ikibidi, halafu ipe mikono mitatu ya epoksi, na kila tundu la skrubu lizibwe.

Zulia litoke au libaki, mfuko usikae bapa juu ya sakafu. Unahitaji nafasi ya hewa, na kitu bora kwa hilo ni vigae vya plastiki laini vyenye matundu na vijiguu kwa chini, vile vinavyotandikwa bafuni na kando ya mabwawa ya kuogelea. Vingi ni vya sentimeta 30 kwa 30 na huungana kwa meno pembeni. Chagua vyenye kimo cha milimeta 12 au zaidi na uso wa juu wa mviringo, usio na ncha. Hapo ndipo wengi hukosea: wanachukua vigae vigumu vya nje vyenye mbavu kali, na baada ya msimu mmoja mbavu hizo zimeusugua mfuko mpaka ukapata tundu halisi. Pitisha kiganja juu ya kigae ukikandamiza kwa nguvu. Kama kinaumiza kiganja, kitaumiza vinili.

Wavu mnene wa nailoni unaowekwa chini ya magodoro ya boti ni mzuri kwa magodoro. Chini ya kilo 300 zinazodunda, mwingi wake hulala. Jaribu kuukanyaga kwa kisigino. Ukishuka zaidi ya nusu ya kimo chake, uutumie ubavuni tu, kati ya mfuko na ukuta, ambako mzigo ni mdogo. Na ubavuni usipasahau, kwa sababu mfuko uliojaa hutuna na kuegemea zulia la ukuta, nalo hulowa vilevile.

Vitu vitatu visiwekwe kamwe: taulo, sponji, na karatasi ya nailoni iliyotandikwa bapa juu ya zulia. Taulo na sponji hunywa maji na kuyahifadhi. Karatasi ya nailoni ndiyo mbaya zaidi, maana inaonekana kama suluhisho. Maji yanapita ukingoni, yanaingia chini yake, na sasa hayana pa kutokea kabisa.

Kupima na kukata vigae ni kazi ya nusu saa. Jaza mfuko, chora mpaka wake kwa chaki, utoe. Vigae vipite mpaka huo kwa sentimeta 5 kila upande, lakini viache nafasi ya sentimeta 2 au 3 kutoka ukutani, ili jasho lidondoke hapo na hewa iingie. Kata kwa kisu kikali, si kwa msumeno unaoacha vinyuzi, kisha piga msasa kingo zote. Meno ya kuungania yaliyobaki wazi upande wa nje yakate. Ndiyo ya kwanza kutoboa mfuko. Kama zulia limebaki chini, vigae vitatambaa, kwa hiyo vifunge mahali viwili kwa mkanda wa nailoni kwenye pete za kabati. Usitumie skrubu kwenye sakafu. Kila tundu unalotoboa ni njia mpya ya maji kuingia kwenye mbao zilizofichwa.

Maji yakishapita kwenye matundu ya vigae, lazima yawe na pa kwenda. Mwaga kikombe kimoja upande wa omo na uangalie. Yakitiririka kuelekea tezi na kuingia ngamani, umemaliza. Yakisimama, tafuta kinachoyazuia: mara nyingi ni kipande cha zulia kilichofunika tundu la kupitishia maji, au gundi iliyoliziba.

Kama kipimo cha rangi kilionyesha uvujaji, anza na viungo, si na mfuko. Kwenye viungo vya kubana haraka, ringi ya mpira ndiyo huchakaa kwanza: itoe, iangalie kwenye mwanga, na ikiwa ina ufa au imebonyea upande mmoja, weka mpya yenye unene uleule. Ipake grisi ya silikoni. Grisi ya mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira, na ringi iliyovimba inakatika unapobana. Kwenye viungo vya kufunga kwa kuzungusha, vyenye nyuzi kama za skrubu, zungusha tepu ya tefloni mara tatu au nne kufuata mwelekeo wa kukaza, funga kwa mkono mpaka mwisho, kisha ongeza robo mzunguko tu. Kukaza zaidi hupasua kiungo cha plastiki, na ufa huo hauonekani mpaka mfuko ujae.

Tundu la mfuko wenyewe hutafutwa nje ya boti. Upulize hewa hadi usimame bila kuwa mgumu, upake maji ya sabuni, utafute mapovu, hasa kwenye mishono na kuzunguka vizibo. Kiraka kiwe cha vinili, kona zake za mviringo, kikizidi tundu kwa sentimeta 5 pande zote. Safisha kwa spiriti, piga msasa mwepesi, paka gundi ya vinili pande zote mbili, bandika, weka uzito juu, uache saa 24. Kisha rudi kabatini utafute kilichoutoboa, la sivyo utabandika kiraka kingine mwezi ujao. Ncha ya skrubu iliyotokeza kutoka upande wa pili wa ukuta ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Mpira wa kutolea hewa nao hudanganya. Ukikunjika, hewa haitoki, mfuko unavimba kupita kiasi na maji yanasukumwa kupitia kiungo dhaifu kuliko vyote. Unaona zulia limelowa karibu na kiungo kizima, unabadilisha ringi, na tatizo linabaki. Ufuate mpira huo kwa mkono kutoka mfukoni hadi unakotokea ubavuni mwa boti kabla ya kulaumu kitu kingine.

Baada ya matembezi, toa maji yote ukiwa bado majini. Pampu za kunyonya huubana mfuko mpaka unakuwa bapa. Pampu za kusukuma huacha lita kadhaa. Lita hizo ziinue kwa mikono: nyanyua upande ulio mbali na kiungo, zirudi kwenye pampu. Boti ikiwa kwenye trela, inua omo, fungua kizibo cha tezi, fungua makabati yote, na simamisha mifuko kwa ubavu badala ya kuiacha imelala. Saa mbili za hewa inayopita zina thamani kuliko siku mbili chini ya turubai lililofungwa kila upande. Ukitaka feni ndani ya kabati linalopakana na injini ya petroli, iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, isiyotoa cheche. Feni ya kompyuta ya volti 12 isiwekwe hapo.

Zulia lililokwisha lowa linyonywe kwa vakyumu ya maji, polepole, likipitishwa mara tatu mahali pamoja. Suuza chumvi, nyonya tena. Kwenye kuvu tumia siki nyeupe, iache dakika 30, sugua kwa brashi laini. Usichanganye siki na klorini hata kidogo, maana gesi inayotoka ni sumu, na ndani ya kabati finyu uso wako uko juu yake moja kwa moja. Kisha feni, saa 24 hadi 48.

Usiamini kiganja kukwambia kama limekauka. Bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimeta 40 kwa 40 juu ya zulia, kingo zote zikizibwa kwa tepu, jioni. Asubuhi kikiwa na ukungu au matone upande wa chini, unyevu bado umo kwenye tumbo la zulia. Rudisha feni, na vigae visubiri hadi nailoni itoke kavu.