Chuma cha moto hakipimwi

Wateja wa karakana yetu hapa Ngamiani, Tanga, huja na shafti iliyoliwa, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine, wameifunga kwenye kiroba, na maneno yao ni yale yale: "Dada, nichongee kama hii." Wengi wanatoka kwenye mashamba ya mkonge, na shafti yenyewe ni ya korona, ile mashine inayokwangua jani mpaka zibaki nyuzi. Maji ya mkonge yana asidi. Yakipenya kwenye beringi, ile pete inayoishika shafti izunguke bila kukwama, grisi inaondoka, kutu inaingia, beringi inaanza kulia. Wakiipuuza, inakula shafti.

Sasa, kuchonga "kama hii" ndiyo shida yenyewe, maana hii imeshaliwa. Ukiiiga, umeiga ugonjwa. Beringi yenye tundu la milimita 50 inataka shafti iliyozidi 50 kidogo mno: kwa kazi ya namna hii, kati ya 50.002 na 50.018. Ikipungua, pete ya ndani ya beringi inateleza juu ya shafti na kuila upya. Ikizidi, beringi inabanwa na kuchemka. Jicho halioni tofauti hiyo wala kidole hakiihisi. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko nafasi yote hiyo mara kadhaa.

Hayo nimeyapata VETA, chuo cha ufundi stadi, nilikosomea ukerezaji vyuma, yaani kuchonga chuma kwa mashine. Mwalimu wetu hakuchoka kutuambia: "Chuma cha moto hakipimwi." Chuma kikitoka kukerezwa kina joto, na kikipata joto kinatanuka. Shafti ya milimita 50 ikizidi joto la karakana kwa nyuzijoto 30 tu, imenenepa karibu milimita 0.017. Maikromita, kifaa chetu cha kupimia unene, itakwambia uko sawa, utazima mashine, utakabidhi kazi. Ikipoa imesinyaa, na nafasi yako yote imekwisha. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri, na wakati tunasubiri alitaka kila mtu achore kwa penseli alichokuwa anakereza, na vipimo vyote aviandike. Wapo waliolalamika kwamba wanapotezewa muda. Mimi nasema hapo ndipo nilipofanywa fundi.

Wala sisemi mtaani hakuna ujuzi. Mjomba, mwenye karakana hii, hajakaa darasa la ufundi hata siku moja, na akiwa amegeuka upande wa pili anajua kisu cha mashine kimechoka, kwa kusikia mlio tu. Chuoni sikulipata hilo. Mimi nimekuja na namba, na sababu ya hizo namba. Tukishika kazi wawili, hairudi.

Ndiyo maana napigania urasimishaji wa ujuzi. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, wakamwongezea anapopungua, kisha wakampa cheti kinachotambulika. Naumia nikisikia fundi mzuri anasema, "Cheti cha nini, kazi naijua." Unaijua, kweli. Lakini kiwanda cha saruji hakikujui, bandari haikujui, na siku mhandisi akikupa mchoro badala ya shafti mbovu, utafanyaje? Mji huu umeishi na mafundi wa chuma tangu reli ilipoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893. Sioni kwa nini mafundi wake wa leo wabaki hawaandikwi popote.

Na vyuo navyo nina ombi kwao: wanafunzi wa fildi msiwalete mwishoni mwa kozi peke yake. Waje mapema, waifungue korona iliyovunjika ingali inanuka mkonge, kabla hawajazoea vipande safi vya mazoezi.

Kwetu kuna kijana anayechomelea tangu alipomaliza darasa la saba. Mshono wake umenyooka, hauna matundu, lakini mchoro hausomi, na anataka kwenda kupimwa. Mjomba amekubali kumwachia jioni mapema, nami namfundisha. Tumeanza na alama za kuchomelea: mshale unaonyesha mahali, pembetatu inaonyesha aina ya mshono, namba iliyo kushoto kwake ndiyo ukubwa. Ameshika haraka kuliko nilivyotegemea. Wiki ijayo tunaingia kwenye vipimo vya matundu.