Gemu yangu ya jahazi ilivyofika kwenye konsoli

Gemu yangu inamhusu nahodha anayetoka Lamu kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi, na niliitengeneza kwa Godot, injini (programu ya kutengenezea gemu) niliyoichagua kwa sababu ni ya bure. Kuiuza kwa ajili ya kompyuta hakukunipa taabu: kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, nililipa ada ya dola 100, nikajaza fomu na kusubiri. Nilidhani konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu kama Xbox na PlayStation, nazo zingekuwa hivyo hivyo.

Kwenye konsoli, msanidi, yaani mtengenezaji wa gemu, huomba kwanza kukubaliwa. Microsoft ina mpango wa wasanidi wa kujitegemea uitwao ID@Xbox ulioanza mwaka 2013, nao Sony na Nintendo wana milango yao ya wasanidi, na wote hutaka kujua wewe ni nani kabla ya kukuonyesha chochote. Ombi langu la kwanza, nililolituma kwa jina langu na anwani ya barua pepe ya bure, halikujibiwa. Nilisajili jina la biashara kupitia eCitizen, nikafungua tovuti ndogo yenye barua pepe yake, nikaambatisha video ya dakika mbili ya gemu ikichezwa, na safari hii nikajibiwa. Baada ya hapo hutiwa saini mkataba wa kutunza siri, na ndiyo maana mengine sitayaeleza hapa.

Mkataba huo ndio uliofichua kosa langu. Msimbo wa Godot, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa kila mtu, ilhali msimbo wa kuzungumza na konsoli ni siri, kwa hiyo viwili hivyo haviwezi kuwekwa pamoja katika toleo rasmi la injini hiyo. Ilinibidi nitafute kampuni ya kuihamishia gemu kwenye konsoli, ambayo ilikubali kulipwa kwa fungu la mauzo. Lau ningelijua mapema, huenda bado ningechagua Godot, lakini ningeiweka gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mashine ya majaribio, yaani konsoli maalumu ya wasanidi, ilikaa forodhani wiki kadhaa, kisha ikaja kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti, nami nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga.

Suala la umri unaofaa kuicheza gemu lilikuwa jepesi: maswali ya IARC, mfumo wa kimataifa wa kupanga gemu kwa umri, hayana ada, na majibu yale yale hutoa alama ya PEGI kwa Ulaya na ya ESRB kwa Marekani. Kilichonitoa jasho ni ukaguzi ambao kampuni ya konsoli huufanya kabla gemu haijauzwa. Wakaguzi hawaulizi kama gemu inapendeza. Wanaangalia inavyofanya pale mambo yanapoharibika. Nyumbani nilikuwa nikicheza kwa kibodi ya kompyuta, hivyo sikuwahi kujiuliza itakuwaje pedi, kifaa cha mkononi cha kuchezea, ikiisha chaji katikati ya safari. Jahazi langu liliendelea kwenda bila nahodha hadi likapanda mwamba, na ripoti ikarudi imeandikwa kwamba gemu haikusimama wala kumwambia mchezaji aunganishe pedi. Tena, mtu akibadilisha akaunti, safari ya kaka ilihifadhiwa katika akaunti ya dada. Maandishi yangu ya Kiswahili, niliyojivunia sana, yalitaja kitufe kwa jina la konsoli nyingine, kosa ambalo kila mwenye konsoli analo jicho la kuliona.

Marekebisho yalichukua mwezi na nusu, karibu yote kwenye mambo ambayo mchezaji hatayaona kamwe. Gemu ilipita ilipokaguliwa mara ya pili.

Kuhusu fedha, duka huchukua fungu lake kwanza, kisha wale waliohamisha gemu. Na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya mrabaha unaotokana na mauzo ya huko hukatwa kabla haujanifikia. Kilichobaki kimenianzishia gemu ya pili. Bado haina bahari wala mashua, lakini ukichomoa pedi, inasimama.